Kikohozi cha Sehemu ya Pili

Watu wa Katandala watakwambia mimi na Asajile tuligombana kwa sababu ya mwanamke. Waongo! Tuligombana kwa sababu ya santuri. Mwanamke aliingia katikati baadaye, na hata hapo hakuingia mwenyewe, nilimwingiza mimi. Lakini ngoja nieleze kwa mpangilio, maana nikianza na hasira nitasahau nusu ya mambo.

Mimi naitwa Modesti. Nafundisha darasa la sita na naongoza kwaya ya parokia. Mwaka sabini na tano Padre Basil, Mdachi aliyenifundisha kusoma noti, alirudishwa kwao kwa ugonjwa. Akaniachia gramafoni ndogo ya betri pamoja na santuri moja. Moja tu! Ilikuwa simfonia ya Mjerumani fulani aliyekufa karne iliyopita, sehemu nne, mbili upande huu na mbili upande ule. Jalada lilikwisha kuliwa na mchwa, na ile karatasi ya duara ya katikati ilibanduka, kwa hiyo sikujua ni okestra ya wapi wala nani aliyeiongoza. Sikujali. Kwa jinsi muziki ulivyokwenda, nilijua kiongozi wake ni mtu mzima, ametulia, hakimbizwi na mtu. Nikawa namwita Mzee.

Sehemu ya pili ndiyo iliyokuwa roho ya santuri ile. Inaanza na baragumu peke yake, taratibu, kisha fidla zinaingia kwa chini, moja baada ya nyingine. Na kabla tu ya baragumu, mtu mmoja anakohoa. Walirekodi ukumbini mbele ya watu, na huyo mmoja alishindwa kujizuia. Kikohozi kizito, cha babu wa miaka sabini mwenye kifua. Nilikizoea kama ninavyozoea mlango wa jirani.

Kila Jumapili baada ya misa watu sita saba walikuja kwangu kusikiliza. Mmoja wao alikuwa Zita, muuguzi wa zahanati, aliyekuwa akiishi Kasense na shangazi yake. Zita si mtu wa maneno mengi. Ikifika sehemu ya pili alikuwa anavua viatu, anavipanga chini ya kiti, anafumba macho. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, huyu Mzee wako ananiacha nipumue. Kutwa nzima watu wananikimbiza, yeye tu ndiye hanikimbizi."

Loo! Nilikuwa na miaka thelathini na sita, sina mke, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno tamu kama lile. Maana, nani asiyejua kwamba santuri ilikuwa mimi? Wiki hiyohiyo nikamtuma Mzee Leonsi, katekista wetu, apeleke posa kwa shangazi. Jibu likarudi kwamba Zita ni mtu mzima, ana mshahara wake, atajibu mwenyewe. Apewe muda mpaka mavuno yaishe. Ilikuwa Februari, mwaka themanini na moja. Nikasema sawa. Nitangoja hata mavuno mawili.

Mwezi wa Machi akaletwa Asajile.

Alikuwa Bwana Shamba mpya, kijana wa Tukuyu, Mmoraviani, mrefu, anacheka mpaka magego yanaonekana. Alisomea kilimo Ujerumani Mashariki, na huko akanunua gramafoni yake na santuri zake. Tena alikuwa na betri! Ndugu yake alimletea kutoka Tunduma, mpya, bado zimo kwenye makaratasi yake, wakati sisi wengine, duka la ushirika halina kitu, tulikuwa tunaanika betri za zamani juani ili zifufuke kidogo.

Jumapili moja mtu akamleta kwangu. Nilimkaribisha vizuri, sikumjua bado. Akasikiliza sehemu mbili za kwanza, kichwa kainamisha, kisha akasema, "Lo, Mwalimu, na mimi ninayo simfonia hii hii. Lakini mbona huyu kiongozi wako anasinzia?"

Kusinzia! Ndani ya nyumba yangu, chai yangu mkononi! Nilijikaza tu kwa sababu ya wageni.

Jumapili iliyofuata tukaalikwa kwake kusikiliza ya kwake. Nakiri ilikuwa safi, haina mikwaruzo. Lakini mbio! Fidla zilitoka kama kuku waliomwagiwa maji. Baragumu likapiga sauti yake na kabla hujaimeza, imekwisha pita. Tena kila kitu kilikuwa juu, karibu sauti nzima zaidi ya kwangu. Nikawaeleza wenzangu kwamba Mzee anashusha makusudi, kama ninavyoshusha mimi wimbo wazee wakiwa wengi kwenye kwaya. Huyu wa Asajile hana huruma na mtu.

Na kwake pia kulikuwa na kikohozi, mahali palepale, kabla ya baragumu. Hilo lilinishangaza kidogo, ila jibu nilikuwa nalo. Nikasema hiyo ni desturi yao, kama sisi tunavyokohoa kanisani padre akimaliza mahubiri. Sehemu ya kwanza ikiisha, watu wanasafisha koo. Wote wakakubali, hata Asajile. Tofauti ni kwamba kikohozi chake kilikuwa chembamba, cha haraka, cha mwanafunzi mtukutu.

"Hata mkohoaji wako hana adabu," nikamwambia.

Watu wakacheka. Asajile akacheka kuliko wote, akanipiga bega. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia. Mtu unamtukana, anakupiga bega!

Zita alikuwa amekaa karibu na mlango. Nikamwangalia nione atasemaje. Akasema, "Hii nayo nzuri. Unatamani kusimama."

Jamani, wivu una mahali pake mwilini. Mimi ulinikaa hapa, chini ya kifua, kama nimemeza kiazi cha moto, na haukutoka tena. Tangu siku ile Jumapili zikagawanyika. Watu walipita kwa Asajile kwanza, maana ni karibu na kanisa, kisha wakaja kwangu wakiwa wameshiba. Zita pia. Nikawa nachungulia dirishani kuona anafika na nani. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwuliza, "Kule kwa Bwana Shamba, viatu unavua?"

Akanitazama. "Mwalimu, unaniuliza nini?"

"Nauliza tu."

"Sivui," akasema, na hakusema zaidi siku ile yote.

Ungedhani jibu hilo lingenitosha. Wapi! Nikafikiri: kwa nini amejibu kwa ukali? Katikati ya wiki nikaenda kwa Asajile kuuliza habari za mbolea, mimi nisiye na shamba hata la mchicha, ili nione kama kuna kitambaa cha Zita, kikapu cha Zita, chochote. Akanieleza mbolea kwa saa nzima, maskini, akanichorea mpaka matuta. Nikarudi na karatasi ya matuta na kiazi changu cha moto kifuani.

Juni baridi ilipoanza kuuma, mahindi yako ghalani na ulezi unapurwa, nikaona muda unakwisha na jibu linakaribia. Nikaogopa. Nikajiambia, kabla hajajibu, ni lazima aone mbele ya watu nani ana kitu cha kweli. Basi baada ya mazoezi ya kwaya nikatangaza: Jumapili tupige santuri zote mbili, siku moja, chumba kimoja, chombo kimoja, watu waamue. Asajile akasema, "Ya nini, Mwalimu? Kila mtu apende yake." Nikamwambia anaogopa. Akakubali. Nikataka tutumie gramafoni yake, nisije nikasingiziwa kwamba chombo changu kimeipendelea santuri yangu.

Jumapili ile chumba cha kwaya kilijaa. Zita alikaa mbele na Bertilla, yule wa sauti ya pili mwenye mdomo usio na breki. Ikapigwa ya Asajile, mbio zilezile. Watu wakapiga makofi ya heshima. Nikapangusa ya kwangu kwa kitambaa cha altare, nikaiweka, nikashusha sindano, nikageuka kuwatazama watu nikiwa nimetabasamu tayari.

Mzee akatoka mbio.

Nilidhani nimeota. Fidla zilikuwa zinakimbia, zote juu, kama za Asajile. "Simamisha!" nikasema. "Chombo chako kina wazimu!"

"Mwalimu, ni chombo kilekile," akasema Asajile, taratibu.

"Endelea basi! Ngojeni sehemu ya pili, mtamsikia."

Tukangoja. Sehemu ya kwanza ikaisha. Kukawa kimya, na kwenye kimya hicho mtu akakohoa. Kikohozi chembamba, cha haraka, cha mwanafunzi mtukutu.

Zita akaruka kwenye kiti. "Ni yuleyule! Mkohoaji ni yuleyule! Rudisheni!"

Tukarudisha. Tukaweka ya Asajile, tukaweka ya kwangu, tukaweka tena ya Asajile. Kikohozi kimoja, mtu mmoja, na baada yake pua inavutwa kidogo, zote mbili. Okestra moja, kiongozi mmoja, ukumbi mmoja, siku moja. Santuri zile zilikuwa mapacha. Miezi mitatu mimi na Asajile tulikuwa tunabishania kitu kimoja.

Bertilla ndiye aliyemaliza. "Kumbe Mwalimu, Mzee wako ni betri mbovu!"

Chumba kikalipuka. Watu walishikana mbavu, watu waliangukiana mabegani. Nami nikiwa nimesimama pale na kitambaa cha altare mkononi, likanijia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mara mbili tatu katika miaka ile niliwahi kupata betri mpya. Gramafoni ilikuwa inakwenda kasi, nikadhani betri mpya zina ukali, zinahitaji kupoa. Basi nilikuwa nazitia kwanza kwenye tochi, naiwasha wiki mbili tatu, ndipo nahamishia kwenye gramafoni zikiwa zimelainika. Mzee nilimtengeneza mwenyewe. Ningeweza kucheka na wenzangu, ingekuwa imekwisha. Lakini nilimwona Zita amemshika Bertilla shingoni, anacheka machozi yanamtoka. Na nilimwona Asajile. Safari hii yeye hakucheka, alinitazama kwa huruma. Huruma yake ndiyo iliyoniua kabisa.

Kesho yake Asajile aliniletea betri nne mpya. "Zako, Mwalimu. Najua upande huu hazipatikani." Nikasema asante kwa meno, nikazifungia kabatini.

Jumatano jioni, jua bado lipo, Zita akaja peke yake. Alikuwa ametoka kazini, amevaa sweta juu ya gauni la kazi, na kikapu kimefunikwa kitambaa. Akasalimia, nikaitikia bila kusimama.

"Mwalimu, naomba tusikilize ile ya pili," akasema. "Kwa betri za zamani. Unazo bado?"

Mimi nikasikia kicheko cha Jumapili. Naapa nilikisikia, ingawa uso wake haukuwa na kicheko.

"Umenifuata mpaka nyumbani kunicheka?"

"Sikuja kukucheka."

"Betri mbovu hazipo. Nenda kwa Bwana Shamba, kule hakuna kitu kibovu."

Akahamishia kikapu mkono wa pili. "Mwalimu, nimekuja na neno langu."

"Kalipeleke Tukuyu!"

Sijui lilitoka wapi. Lilitoka tu. Zita alinitazama kama anavyotazama jeraha linapofunguliwa bandeji, bila kukunja uso, anapima tu limefikia wapi. Kisha akageuka akatoka, na kikapu chake.

Hata robo saa haikupita, Mzee Leonsi akabisha hodi, uso umechangamka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, amekuambia?"

"Nani? Nini?"

"Zita! Mavuno yameisha, kijana. Amenipitia mchana akasema leo anakwenda kukujibu kwa mdomo wake. Kapika na maandazi. Alikuwa anacheka peke yake njiani, Modesti. Mtu anayekwenda kukataa hatengenezi maandazi."

Nikamweleza nilivyomjibu. Mzee Leonsi alivua kofia yake, akaivaa tena. "Nenda," akasema. "Sasa hivi. Usitafute hata koti."

Nilikwenda. Nilikwenda nusu nakimbia, upepo wa Juni unapenya shati, walimu wenzangu wananisalimia siwasikii. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: nisamehe, mimi mjinga, wivu umenila, betri ninazo. Nilikuwa tayari kupiga magoti mbele ya shangazi yake. Nilifika Kasense jasho linanitoka na baridi ile.

Baiskeli ya Asajile ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko.

Nikasimama nje ya ua wa mabua, mkono juu ya kijiti cha mlango. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Nikasikia sauti ya Asajile, nzito, inaigiza kitu, kisha nikasikia Zita anacheka. Nikajisemea, haya, Modesti, umeona kwa macho yako. Neno kalipeleka Tukuyu kweli.

Nikageuka. Na nikwambie ukweli? Nilisikia raha. Mtu aliyeshuku mwizi miezi mitatu, na leo amemkamata, ana raha yake. Nilirudi Katandala polepole, kichwa juu, nikijihesabia haki kila hatua.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa kutisha. Zita akinisalimia kanisani nilijifanya natafuta ukurasa. Alinisalimia Jumapili nne, ya tano akaacha. Asajile alikuja nyumbani mara mbili, nikamwambia mlangoni kwamba naumwa. Nilijua kila kitu, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuuliza. Mwisho wa mwaka nikasikia Asajile yuko kwa Mzee Leonsi anafundishwa katekisimu, na mwezi wa pili yeye na Zita wakatangazwa kanisani. Watu waligeuka kunitazama. Mimi nikafungua kitabu cha nyimbo. Si nilisema? Si nilijua tangu mwanzo?

Wiki mbili kabla ya ndoa Asajile akaja, akakataa kuondoka mlangoni mpaka nimkaribishe. Alitaka kwaya yangu iimbe. Alikaa, akapewa chai, akazungusha kikombe. Nikaona huu ndio wakati wangu. Nilitaka aone aibu mbele yangu, hata mara moja.

"Juni ile," nikasema, "siku Zita alipotoka hapa. Nilikuona kwao. Baiskeli yako niliiona kwa macho yangu."

Akaweka kikombe chini.

"Najua, Mwalimu. Nilimkuta njiani analia, nikampakia mpaka kwao. Nilimwambia hasira zako ni za karibu, hazikai, utakuja kabla jua halijazama. Nikawa namchekesha, naigiza unavyowagombeza watu wa besi. Akaanza kucheka. Akapika ugali wa ulezi, akaandaa na sahani yako. Tulikuona nje ya ua."

"Mlinionaje?"

"Mabua yana nafasi. Tulikuona umesimama na shati tu. Mimi niliinuka nikuite. Zita akanishika mkono, akasema, 'Usimwite. Aingie mwenyewe.'"

Nikachukua birika, nikajiongezea chai.

"Ukageuka," akasema Asajile. "Yeye akabaki anatazama njia, na mkono wangu ameushika. Alisahau kuuachia, Mwalimu. Kabla ya hapo, naapa mbele ya Mungu, sikuwa na nia."

Nje wanafunzi walikuwa wanapita wakirudi nyumbani, wananisalimia dirishani kama kawaida, nami nikawa nawaitikia mmoja mmoja. Kisha nikamwuliza Asajile kama wimbo wa kuingilia wanautaka wa sauti mbili au sauti nne. Akasema Zita anataka sauti nne. Nikaandika.